Mzazi Akivimba Mguu Mmoja, Weka Chini Chupa ya Mafuta

Ilikuwa siku ya tisa tangu wifi yangu ajifungue kwa upasuaji. Asubuhi alipoteremsha miguu kitandani tukaona wa kushoto umevimba kuanzia pajani hadi kifundoni, umekaza na una joto. Wa kulia ulikuwa kama siku zote. Bibi akasema ni baridi, mzazi hakufunikwa vizuri. Jirani akanong'ona kwamba huenda amekanyaga kitu. Mwingine akataja matende, maana kwetu Tanga mguu ukivimba hilo halikosi kutajwa. Mimi nikachemsha maji, nikapasha mafuta ya nazi, nikauchua ule mguu siku mbili, asubuhi na jioni, kwa nguvu zangu zote na kwa mapenzi yangu yote.

Siku ya tatu alitoka msalani akashindwa kufika chumbani. Alikaa chini ukumbini, anahema kama aliyekimbia, mkono kifuani. "Wifi, pumzi hainitoshi." Tukaita bajaji. Hospitalini daktari wa zamu aliifunua miguu yote miwili, akaitazama, akauliza: "Nani ameuchua huu?"

Hakunikaripia. Alinieleza kwamba damu iliganda ndani ya vena ya paja, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, na kipande kimemeguka, kikapita kwenye moyo na kwenda kuziba njia ya damu mapafuni. Kuchua kunaweza kukimegua kipande cha namna hiyo. Wifi alipona. Lakini mikono ile ni yangu, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Nilijiuliza kwa nini iwe mzazi, tena mguu wa kushoto. Kumbe mwili wa mjamzito huiandaa damu igande upesi, ili asivuje mno siku ya kujifungua. Mimba nayo hukandamiza mishipa ya nyonga, na wa kushoto hubanwa zaidi kwa sababu ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) iendayo mguu wa kulia hupita juu yake. Ongeza kisu cha upasuaji, ongeza siku za kulala tu. Damu iliyo tayari kuganda, mshipa uliojeruhiwa, mwendo uliozorota: mambo hayo matatu yanahusishwa na Rudolf Virchow, daktari Mjerumani wa karne ya 19. Tarehe aliyozaliwa, 13 Oktoba, tangu 2014 ndiyo siku ya dunia ya ugonjwa huu.

Hatari hiyo huwa kubwa mpaka kama wiki sita baada ya kujifungua. Hesabu mwenyewe: ni arobaini yetu ile ile. Wazee walikijua kipindi cha kumlinda mzazi kabla hatujawa na hospitali, nami siungi mkono wanaowacheka. Ila kukaa ndani kusiwe kulala kutwa. Mzazi atembee ukumbini, atoke uani, anywe maji ya kutosha. Na kila anapoogeshwa, anayemwogesha ailinganishe miguu. Mmoja ukiuzidi mwenzake, ukauma, ukawa na moto, asiukande. Aende akapigwe utrasaundi ya mshipa siku hiyo hiyo. Asisubiri kuona wekundu, kwa ngozi zetu huenda usionekane kabisa.

Hospitali nazo nina neno nazo. Tuliporuhusiwa tulielezwa habari za mshono, chanjo na kunyonyesha. Habari za mguu hakuna aliyetuambia. Ni sentensi moja tu ya muuguzi, nayo aambiwe yule bibi aliyekuja kumchukua mzazi, kwa sababu nyumbani mwenye maamuzi ni yeye.

Si wazazi peke yao. Aliyevunjika mguu na kufungwa plasta, mwenye saratani, anayeishi na VVU, mgonjwa wa selimundu, anayemeza vidonge vya uzazi vyenye estrojeni, hata abiria aliyekaa kwenye basi la Dar hadi Mwanza bila kunyoosha miguu, wote wamo.

Bonge la damu likiwa kwenye ateri, mambo hugeuka: mguu hauvimbi, bali huwa wa baridi, hupauka, huuma vibaya na hufa ganzi, na saa chache zinatosha kuupoteza. Likiziba ateri ya kichwani ni kiharusi. Presha, kisukari, sigara na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio ndiyo yanayofungua njia. Dawa ya kuyeyusha bonge la kiharusi hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, tena baada ya siti skani kuonyesha kwamba mshipa haukupasuka. Muda huo tunaumaliza tukimfukiza mgonjwa.

Wifi alianzishiwa dawa za kuzuia damu isigande: sindano za heparini, kisha vidonge vya wafarini kwa miezi sita. Kuna mtu alimwambia anameza sumu ya panya, akataka kuviacha. Ni kweli, wafarini iliuzwa kwanza kuulia panya, 1948, na kuanzia 1954 ikawa dawa ya binadamu. Kinachotofautisha ni kipimo, ndiyo maana damu yake ilipimwa mara kwa mara, INR, yaani kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, ikitakiwa kuwa kati ya 2 na 3. Kunyonyesha hakukuzuiwa. Mchicha na kisamvu aliendelea kula, ila kwa kiasi kile kile kila wiki, kwani majani yakizidi ghafla dawa hupungua nguvu. Diklofenaki ya duka la dawa alikatazwa, maana ingeweza kumvujisha damu.

Mwaka jana alishika mimba ya pili. Mara hii alikwenda kliniki mapema akasema yote. Akapewa heparini ya kujidunga tumboni kila siku, kwa kuwa wafarini hupita kwa mtoto aliye tumboni na heparini haipiti. Sindano ni ghali, tulichangishana. Baada ya kujifungua aliendelea nazo wiki sita. Bibi ndiye aliyezihesabu, na kila jioni alimkalisha mzazi kitandani, akaiweka miguu yake sambamba, akaitazama kabla ya kumfunika.