Namungo na swali la kocha: pasipoti haijawahi kutupa jibu

Kila benchi la Namungo, klabu ya soka ya Ruangwa mkoani Lindi, linapobaki bila kocha, mji hugawanyika kabla hata klabu haijatoa tamko. Kuna wanaotaka mzawa anayeijua Ligi Kuu nje ndani, na kuna wanaotaka mgeni aje na mbinu mpya na asiyejuana na mtu. Ukitoka stendi ya Ruangwa ukaingia vijiwe vya kahawa vya Lindi mjini, au ukakaa kwenye kibandaumiza kule Masasi, utakuta hoja ni zilezile na zinatetewa kwa sauti kubwa. Watu wana haki ya kupaza sauti. Tangu Ndanda ya Mtwara ishuke daraja mwaka 2020, Namungo ndiyo timu iliyobaki kuibeba mikoa ya Lindi na Mtwara kwenye Ligi Kuu. Kocha akikosewa, hakuna timu nyingine ya nyumbani ya kukimbilia.

Wanaotaka mgeni wana ushahidi mzito, nao unaitwa Hitimana Thierry. Mnyarwanda huyo alikuwa na timu msimu wa 2019/20, msimu wa kwanza kabisa wa Namungo Ligi Kuu, ikamaliza nafasi ya nne nyuma ya Simba, Yanga na Azam. Mwaka huohuo ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, ikafungwa na Simba 2-1 pale Sumbawanga tarehe 2 Agosti 2020. Kwa kuwa Simba walikuwa mabingwa wa ligi pia, nafasi ya Kombe la Shirikisho Afrika ikaja Ruangwa. Wilaya ambayo watu wengi nchini waliijua kwa korosho na ufuta ikawa inatajwa kwenye droo ya CAF, Shirikisho la Soka Afrika. Shabiki aliyeuona msimu ule huwezi kumwambia kirahisi kwamba mgeni ni hasara.

Lakini wa upande wa mzawa humjibu palepale, na jibu lao si dogo. Aliyeifikisha Namungo hatua ya makundi ya kombe hilo la Afrika si Hitimana, ni Hemed Suleiman 'Morocco', Mzanzibari. Februari 2021 timu ilikwenda Luanda kucheza na Primeiro de Agosto, baadhi ya watu wa msafara wakakutwa na maambukizi ya korona, mechi ikashindikana, na CAF ikaamua zote mbili zichezwe Dar es Salaam. Namungo ikashinda ya kwanza 6-2, ikapoteza ya pili 3-1, ikapita kwa jumla ya mabao 7-5. Kocha aliyetulia katika vurugu za namna ile anastahili heshima kubwa kuliko anayopewa. Januari 2024, kocha wa Taifa Stars, Adel Amrouche, aliposimamishwa katikati ya michuano ya AFCON kule Ivory Coast, Morocco huyohuyo ndiye aliyekabidhiwa timu.

Wapinzani wake hukumbusha yaliyofuata: kwenye makundi, dhidi ya Raja Casablanca, Pyramids na Nkana, Namungo ilipoteza mechi zote sita bila kufunga bao. Ni kweli, na inauma. Ila kuitumia rekodi ile kama hukumu ya makocha wazawa ni kumwonea mtu. Raja ndiyo iliyobeba kombe mwaka ule, na Pyramids ni klabu tajiri ya Misri. Ukitaka kumlaumu Morocco kwa haki, mlaumu kwa Nkana ya Kitwe, Zambia, tu, maana hapo pengo la fedha halikuwa la kutisha.

Hadi hapo mizani iko sawa, na ndiyo maana ubishi hauishi. Nadhani hauishi kwa sababu pande zote mbili zinamuuliza kocha swali lisilohusu kazi yake. Mtazame Hitimana tena. Alipofika Ruangwa alikuwa ameshafundisha Biashara United ya Musoma. Pasipoti yake ilikuwa ya Rwanda, lakini viwanja vyetu alivijua, waamuzi wetu aliwajua, na alijua mchezaji anachokaje baada ya kukaa kwenye basi tangu alfajiri. Kwa hiyo mfano mkuu wa mgeni aliyefanikiwa ni wa mtu ambaye hakuwa mgeni wa ligi.

Wapo wanaofika hapo wakasema basi tumepata jibu: atafutwe anayeijua ligi, awe wa taifa lolote. Ningefurahi ingekuwa rahisi hivyo. Cedric Kaze wa Burundi alikuja akiwa ameshakaa Yanga, kwanza kama kocha mkuu, kisha msaidizi wa Nasreddine Nabi. Mwinyi Zahera wa Kongo alikuwa amepita Yanga na Coastal Union, na Kiswahili anakizungumza bila mkalimani. Wote wawili waliijua ligi. Msimu wa 2023/24 timu ilipita mikononi mwa Kaze, Mtanzania Denis Kitambi na Zahera. Oktoba 2024 benchi likawa chini ya Juma Mgunda. Mrundi, Mkongomani na wazawa wawili, ndani ya kipindi cha kama mwaka mmoja na ushee. Katika mabadiliko ya kasi hiyo huwezi kupima uraia wala uzoefu wa mtu yeyote. Unachopima ni uvumilivu wa klabu.

Ndanda nayo inatufundisha jambo wanaolilia wazawa hawapendi kulisikia. Wanakuchele hao walikaa Ligi Kuu misimu sita, kuanzia 2014/15 hadi 2019/20, na walifundishwa na watu wa hapahapa, akiwamo Meja mstaafu Abdul Mingange na Malale Hamsini. Hawa ni makocha wanaoijua soka ya Tanzania kwa undani. Bado Ndanda ilikuwa timu ya kupambana na mkia wa msimamo, na mwisho ikashuka. Uzawa haukulipa mishahara wala haukununua mshambuliaji.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulinong'ona tu, nami naona lizungumzwe wazi. Huku kwetu shabiki wa Namungo mara nyingi ni shabiki wa Simba au Yanga kwanza. Siku Simba inapokuja Uwanja wa Majaliwa utaona jezi nyekundu nyingi kuliko ambavyo mwenyeji angependa. Mapenzi hayo huingia hadi kwenye uchaguzi wa kocha. Kaze na Zahera walipokelewa na wengine kama watu wa Yanga, Mgunda kama mtu wa Simba, na matokeo ya mechi dhidi ya wakubwa hao yakawa yanasomwa kwa miwani hiyo. Akifungwa na klabu aliyowahi kuitumikia, huonekana ameuza mechi. Akiifunga, upande wa pili humtafutia kosa wiki inayofuata. Mgunda alipokea Simba mwaka 2022 kwa dharura na kuifikisha makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, kisha Januari 2023 kiti kikapewa Mbrazili Robertinho. Hiyo ni sifa ya kikazi. Kuigeuza kuwa shaka juu ya uaminifu wake si haki, na inatunyima sisi wenyewe nafasi ya kumpima kwa kazi.

Kuhusu wanaopendekeza mchezaji wa zamani wa Kusini apewe timu kwa kuwa ana uchungu nayo, nitapita haraka. Uchungu ni mzuri, lakini leseni ni sharti. Mwaka 2021 Simba yenyewe ililazimika kumleta Hitimana benchi kwa sababu kocha wake Mfaransa, Didier Gomes, hakuwa na leseni ambayo CAF iliitaka. Kama tunataka kijana wetu aje kuwa kocha mkuu, klabu impeleke kozi na kumpa timu ya vijana leo, asitajwe tu siku kocha anapofungashiwa virago.

Kiini cha matatizo kiko kwenye usajili. Kocha anayeteuliwa Oktoba anakuta kikosi kilichopangwa na mwingine, kwa mfumo wa mwingine, na anasubiri dirisha dogo. Likifunguliwa, bajeti imeshakwisha, au majina yameshapangwa na viongozi. Ongeza jiografia. Ruangwa iko mbali na Dar es Salaam, na mchezaji mwenye ofa mbili zinazokaribiana atachagua ile ya karibu na familia yake. Kagera Sugar ilipokuwa Ligi Kuu, kabla ya kushuka mwaka 2025, kwenda Bukoba kucheza nayo kulikuwa ni kuvuka nchi kutoka kona hadi kona. Kocha wa Namungo anahitaji wachezaji waliokubali maisha hayo, na hao huwezi kuwapata kwa pupa Januari. Inabidi awatafute mwenyewe, awajue, azungumze nao. Kocha asiye na kauli kwenye usajili anabebeshwa lawama za maamuzi asiyoyafanya, awe wa Tandahimba au wa Ureno.

Wenye msimamo tofauti na wangu wana hoja moja nzito: muda ni gharama. Klabu ya mkoani ikimvumilia kocha asiyeshinda, inaweza kushuka, na Ndanda imetuonyesha jinsi kurudi kulivyo kugumu. Nakubali hofu hiyo ni ya kweli. Lakini kubadili kocha mara tatu hakuondoi hatari, kunaongeza tu gharama ya kuvunja mikataba na wachezaji wanaojifunza mfumo mpya kila baada ya miezi michache.

Ningekuwa na kura, ningempa kocha ambaye ameshakaa na timu ndogo ya mkoani kwa msimu mzima bila kuishusha, mzawa au wa nchi jirani, kuliko jina kubwa lililotoka kuachwa na Simba au Yanga. Ningempa misimu miwili na kauli ya mwisho kwenye usajili, na ningemteua Juni, akiwa na maandalizi kamili mbele yake. Masharti ya kuvunja mkataba yaandikwe mapema na wanachama waambiwe: timu ikiwa kwenye nafasi za kushuka mzunguko wa kwanza ukiisha, kuna kikao cha tathmini, na kocha ahudhurie akiwa na orodha ya wachezaji alioomba na waliosajiliwa kweli. Orodha hizo mbili ziwekwe mezani pamoja, ndipo ijulikane anayepaswa kuondoka ni nani.