North Carolina 2024: Nani Hasa Alishinda?

Novemba 5, 2024, wapiga kura wa North Carolina walimpa Donald Trump karibu asilimia 51 ya kura za urais. Siku hiyo hiyo Josh Stein wa Democratic akatwaa ugavana kwa karibu asilimia 55, huku Mark Robinson wa Republican akiambulia 40.

Wengi waliieleza tofauti hiyo kwa jina la Robinson tu. Mwezi Septemba CNN ilimhusisha na maandishi ya aibu kwenye tovuti ya ngono. Alikanusha, lakini kampeni yake haikuinuka tena. Sawa, ila Roy Cooper, Mdemokrati mwingine, alishinda ugavana mwaka 2016 na 2020, na mara zote mbili Trump alilibeba jimbo hilo hilo. Kuchanganya vyama ni mazoea ya huko. Mwaka 2024 Wademokrati walipata pia naibu gavana na mwanasheria mkuu, Warepublican wakapata mweka hazina na mkaguzi wa hesabu.

Njoo sasa kwenye Bunge la Wawakilishi kule Washington. Mwaka 2022, kwa ramani ya maeneo ya uchaguzi iliyosimamiwa na mahakama, vyama viligawana viti saba kwa saba. Baadaye Mahakama ya Juu ya jimbo ikapata majaji wengi wa Republican na kuamua kwamba mahakama hazina mamlaka juu ya mipaka inayochorwa kwa faida ya chama. Bunge la jimbo likachora upya, na matokeo ya 2024 yakawa viti kumi vya Warepublican kwa vinne vya Wademokrati.

Warepublican wanajitetea kwamba Wademokrati wamejazana Charlotte, Raleigh na Durham, hivyo kura zao nyingi zinarundikana mahali pamoja. Hoja hiyo ina uzito. Lakini watu hawakuhamia mjini kwa miaka miwili. Mtazame Jeff Jackson, Mdemokrati aliyekuwa mbunge kule Washington: ramani mpya ilimfutia matumaini ya kurudi bungeni, akagombea uanasheria mkuu, jimbo zima likampa. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ramani inapoumbuka.

Kiti kimoja cha Mahakama ya Juu ya jimbo kilichukua nusu mwaka kupata mshindi. Allison Riggs, Mdemokrati, alimshinda Jefferson Griffin, Mrepublican, kwa kura 734. Griffin akataka zaidi ya kura 60,000 ziondolewe, nyingi kwa madai ya upungufu kwenye taarifa za uandikishaji. Sheria ifuatwe, hilo halina ubishi. Ila watu hao walipiga kura kwa utaratibu waliopewa na maofisa wenyewe. Mei 2025 jaji wa shirikisho alimkatalia, naye akakubali kushindwa.

Desemba 2024, kabla Stein hajaapishwa, wabunge wa Republican walipindua kura ya turufu ya Cooper na kuhamisha uteuzi wa bodi ya uchaguzi kutoka kwa gavana kwenda kwa mkaguzi wa hesabu, Mrepublican. Wanaoitetea sheria hiyo wanasema mkaguzi naye kachaguliwa na wananchi wale wale. Ni kweli. Tatizo ni kwamba walipompigia kura Novemba, kazi hiyo haikuwa yake.