Dizeli ya pampu au komon reli? Tusidanganyane

Ukikaa na madereva wa masafa marefu ubishi ni uleule, eti injini za dizeli zilikuwa zile za zamani, mafuta yanasukumwa na pampu ya kawaida bila kompyuta, kama injini ya 1HZ ya Land Cruiser, hizi mpya za komon reli zinazoongozwa na kompyuta ni janja ya kutuuzia nozeli, vile vidude vya kupulizia mafuta ndani ya injini. Mi nakubali nusu, nusu nyingine ni mazoea tu.

Rudolf Diesel mwenyewe hakuwa anatafuta injini isiyokufa. Kilichomkera ni mashine za mvuke kupoteza joto, na injini yake ilipopimwa kule Augsburg 1897 ilitoa kazi kwenye asilimia 26 hivi ya nishati ya mafuta, mvuke nyingi za wakati ule hata nusu ya hapo hazifiki. Hewa inabanwa mpaka inapata moto, mafuta yakiingia yanajiwakia yenyewe, habari ya plagi za cheche hamna. Ila lilikuwa dude, linahitaji kompresa ya kupuliza mafuta, ndo maana likaishia viwandani na melini mpaka kampuni ya Bosch walipoanza kutengeneza pampu ya kusukumia mafuta kwa wingi 1927 ndo malori yakaanza kulifaidi vizuri. Sasa hiyo pampu mnayoiita rahisi, enzi hizo ndo ilikuwa teknolojia ya kuumiza kichwa! Mafundi waliisoma wakaizoea, basi.

Komon reli imekuja miaka ya 90, pampu moja inajaza bomba kwa presha kubwa sana halafu kompyuta ndo inaamua kila nozeli ifunguke lini na kwa muda gani, inaweza kupuliza mara kadhaa ndani ya mzunguko mmoja. Matokeo yake injini haigongi sana, inavuta, mafuta inakula kwa adabu na moshi mweusi unapungua. Na moshi si jambo dogo, 2012 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliuweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kabisa. Ingawa na hao wa kompyuta si malaika, Volkswagen walikamatwa 2015 na programu inayojua gari liko kwenye kipimo ikajifanya safi, magari kama milioni 11 hayo.

Tatizo la kwetu naona liko kwenye tenki. Pampu na nozeli zinalainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa hayana ule utelezi, kwa hiyo dizeli ikichakachuliwa kwa kuchanganywa nayo injini ya zamani itakohoa na kutoa moshi lakini itakufikisha, komon reli yenye nafasi ndogo kuliko unywele inasagika. Bongo uchakachuaji ulifika mahali EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, wakaanza kuweka vinasaba 2010, yaani alama ndani ya mafuta ya kuwabaini wachakachuaji, mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kuyachanganya kusilipe. Hiyo si kesi ya injini jamani.

Lakini wazee wa pampu wana hoja moja siwezi kuipangua. Tuliwahi kuzimikiwa njia ya Chunya na 1HZ, dereva hata hakushtuka, kafungua boneti, kalegeza boliti pale kwenye filta, akawa anabonyeza ile pampu ya mkono kwa kiganja, yanatoka mapovu, mapovu, mapovu, mpaka mafuta yakaja masafi, kafunga, kapiga stata tukaondoka. Rafiki yangu na pikapu yake ya komon reli taa ikawaka njia hiyohiyo, gari likajifunga nguvu mlima halipandi, likavutwa mpaka mjini, fundi wa kwanza hana hata mashine ya kusoma kompyuta akaanza kubadilisha sensa kwa kubahatisha, mwisho wa siku ni nozeli zote nne, hela ya kununua bodaboda kabisa.

Hajaiuza lakini. Kaongeza filta ya kuchuja maji, anajaza sheli moja tu anayoiamini, na anatucheka sisi kwa 1HZ yetu inavyokunywa mafuta. Masika akiwa na safari ya porini anakuja kuazima ya kwetu.