Mama asizikiwe mtoto akiwa wodini

Huku kwetu Iringa akifariki mtu mzima, mtaa mzima unasimama: turubai, kwaya, daftari la rambirambi. Akifa kichanga, shughuli inaisha kabla jua halijazama. Kina bibi wanamviringisha kwenye kitenge, wanaume wachache wanachimba, na mama aliyejifungua kwa upasuaji bado yuko wodini, maziwa yamemjaa, anaambiwa, "Usilie sana mwanangu, utapata mwingine."

Wazee wanafanya hivyo kwa huruma, wakiamini asiyeliona kaburi atasahau upesi. Mimi sijakutana bado na mama aliyesahau.

Ndiyo maana namtaka mchungaji wa hospitali afike kitandani kabla ndugu hawajaondoka na mwili. Aulize jina, kama halipo, awape wazazi nafasi ya kulitoa palepale. Mama ampakate mwanawe akitaka. Baba naye, maana yeye kawaida huishia kukabidhiwa jembe. Kisha sala, wimbo mmoja, basi. Hata mahubiri hayahitajiki (na wachungaji wetu kwa mahubiri mnawajua).

Kinachokwamisha mara nyingi ni ubatizo. Kwa Wakatoliki, mtoto aliye hai na yuko hatarini anaweza kubatizwa na mtu yeyote, hata muuguzi. Aliyekwisha kufa habatizwi. Lakini kutobatizwa si kukosa maziko. Kanuni ya 1183 ya Sheria za Kanisa inamruhusu askofu kukubali maziko ya kikanisa kwa mtoto ambaye wazazi wake walikusudia kumbatiza. Na mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia ya Vatikani ilieleza kwamba ipo misingi ya kutumaini wokovu wa watoto hao. Katekista anayekataa kuja angeuliza kwanza jimboni.

Kwa familia ya Kiislamu, mchungaji asijitwike yasiyo yake. Aliyezaliwa hai akafa huoshwa, hukafiniwa na kuswaliwa. Kuhusu kumswalia aliyezaliwa mfu, wanazuoni wametofautiana. Aitwe shehe.

Nasikia hoja ya muda, kwamba maziko hayawezi kumsubiri mama atoke wodini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 4 za likizo yenye malipo mtoto wake akiugua au kufariki, kwa hiyo baba mwenye ajira anaweza kusubiri mkewe aruhusiwe. Gharama ya mochwari kwa siku hizo, jumuiya ichange, kama inavyochangia turubai la mzee.