Karibuni wasanidi, mpaka tutakapofunga

Kampuni kubwa ya teknolojia ikizindua huduma mpya ya ujumbe, wimbo ni uleule: tuko wazi, wasanidi programu karibuni, jengeni mtakacho. Hapo ndipo ninapokereka.

Google Talk, huduma ya gumzo ya Google, ilipoanza mwaka 2005 ilitumia XMPP, itifaki huria (kanuni za wazi za kupitisha ujumbe) ambayo yeyote angeweza kuiandikia programu yake. Mwaka 2006 ikaruhusu hata watumiaji wa seva nyingine, yaani za huduma zisizo za Google, kuzungumza na wake. Safi kabisa, sikatai! Watu wakajenga. Mwaka 2013 Google ikaleta Hangouts kuchukua nafasi yake, na mawasiliano na seva za nje hayakuwamo. Facebook nayo ilifungulia XMPP gumzo lake mwaka 2010, ikafunga 2015.

Yaani uwazi hudumu kampuni ikiwa bado inatafuta watu. Wakishajaa, msanidi anaambiwa aombe kibali, masharti yanageuka kila uchao, na kazi yake inaweza kuzimwa bila hata samahani. Mtumiaji naye anabaki na lundo la programu kwenye simu, kila rafiki na yake. Mbona barua pepe inavuka kutoka kampuni moja hadi nyingine tangu zamani? Wanajua fika kwamba inawezekana.