Usimpe Mwenye Njaa Mbegu Peke Yake

Shangazi yangu wa Ganze, huku Kilifi, Kenya, alipika mbegu. Zilikuwa kilo mbili za mahindi ya msaada, zimepakwa dawa nyekundu, ile inayobaki vidoleni. Akaziosha maji matatu, akasuuza mara ya nne, akabandika sufuria. Nilipomuuliza, alinitazama kama mtoto mdogo: "Mwanangu, nizikodolee macho tu na wajukuu wanalia?"

Dawa ile ni sumu, na kuosha hakuiondoi. Pakiti imeandikwa hivyo. Lakini simlaumu shangazi. Nawalaumu waliopanga msaada ule wakadhani tumbo lingesubiri.

Ilikuwa 2023. Kilifi ni moja kati ya kaunti 23 za maeneo kame, na mvua ilikuwa imekataa misimu mitano mfululizo tangu vuli ya 2020. Rais Uhuru Kenyatta aliutangaza ukame kuwa janga la taifa Septemba 2021. Kufikia mapema 2023, Wakenya wapatao milioni 4.4 walikuwa na njaa ya kuhitaji msaada. Kwetu mbegu hukaa darini juu ya meko, mahindi na maganda yake, moshi uzuie dumuzi. Msimu wa kwanza ukikataa, unapanda tena. Wa pili, unapanda kidogo. Wa tatu, unayashusha yale ya darini unasaga.

Mtu wa namna hiyo ukimpa mbegu tupu, umempa mtihani. Tuseme asiile. Hata mahindi ya muda mfupi kama Katumani yanataka miezi mitatu hivi, na hapo katikati lazima ale. Ataingia msituni kuchoma makaa, au atalima kibarua shamba la mwingine, huku magugu yakiyakaba mahindi yake mwenyewe. Baadaye anakuja mtu na daftari, anaona shamba limejaa nyasi, anaandika kwamba wakulima hawakujituma. Hili huniudhi kuliko njaa yenyewe.

Mbegu iandamane na unga na maharagwe, vya kufikisha nyumba hadi mavuno. Na lori lifike Machi. Masika kwetu hushika Aprili. Mbegu za mwisho wa Mei zinaishia kwa kuku, kama hazikuishia sufuriani.

Tena, kwa nini mahindi kila mara? Mimi ningewapa watu pesa. Hata ukame ukiuma vipi, sokoni hakukosi mama mwenye pishi mbili tatu za kunde au pojo alizozificha, mbegu zinazoijua ardhi hii, hazina rangi wala sumu. Najua jibu: wanaume watazinywea mnazi. Wapo watakaozinywea. Lakini hata magunia ya msaada nimeyaona yakiuzwa dukani, na hakuna aliyependekeza tuache kuleta magunia.

Shangazi hakungoja lori tena. Vuli ilipokaribia alikopa kibaba cha kunde kwa jirani, wakakubaliana atarudisha viwili. Mvua ya kwanza ikanyesha usiku. Alfajiri alikuwa na jembe. Hazikupita wiki nne akawa anachuma majani machanga ya mkunde, anayapika na chumvi tu, maana nazi hakuwa nayo. Mahindi ya jirani yalikuwa bado hayajafika kiunoni.