Mgombea aliyekuja kuniuliza habari za mapipa

Jumamosi iliyopita nilikuwa nakaanga kitunguu cha pilau, kengele ya mlango ikalia. Nikapunguza moto nikaenda kufungua. Nje kasimama mwanamume wa makamo, miwani imelowa mvua, bahasha ya vipeperushi kwapani. Anagombea udiwani wa kata yetu, katika mji huu wa kaskazini mwa Uingereza. Akaniuliza ni jambo gani linalonikera mtaani. Nikamwambia mapipa ya taka, na taa ya barabarani iliyokufa tangu Krismasi. Akaandika yote kwenye kidaftari, akanipa karatasi yake, akashukuru, akaenda kwa jirani.

Nikaisoma karatasi nikiwa narudi jikoni. Shule aliyosoma, kazi aliyofanya, ahadi zake za barabara. Mstari wa mwisho: anaishi mtaa wa tatu kutoka hapa na mume wake na mbwa wao wawili.

Mume wake. Nilirudia kuisoma mpaka kitunguu kikaungua.

Mimi ni Mkenya. Kwa kuwa nchi yetu imo katika Jumuiya ya Madola, na kibali cha kuishi hapa ninacho, napiga kura zao, ya diwani na hata ya mbunge. Kwa hiyo karatasi ile ilikuwa inaniomba mimi. Na lililonishangaza si kwamba ana mume, miaka kumi na mbili hapa nimeshayaona hayo. Lililonishangaza ni kwamba jambo lile limepewa mstari mmoja, na mapipa yakapewa nusu ukurasa.

Kwetu lingekuwa kampeni nzima. Mnakumbuka Februari 2023, Mahakama ya Juu iliposema tu kwamba wapenzi wa jinsia moja wana haki ya kusajili chama chao kama raia wengine? Kusajili tu! Kifungu cha 162 cha sheria ya adhabu hakikuguswa, miaka 14 jela iko pale pale. Lakini viongozi wa serikali na wa upinzani, ambao hata bei ya unga hawakuweza kukubaliana, wakaungana usiku mmoja kuilaani hukumu. Wiki zile sikumsikia hata mmoja akiulizwa kuhusu unga.

Najua mtakachosema. Huyu ameshakuwa mzungu, ameshiba baridi anakuja kutufundisha. Hapana. Ramadhani nafunga, na wanangu wananiamkia shikamoo asubuhi kama nilivyomwamkia mamangu. Wala simwombi mtu abadilishe anachokiamini kuhusu dhambi. Ninachouliza ni hiki: mbunge tuliyempa gari na mshahara, kazi yake ni kulinda chumba cha kulala cha nani?

Na msidhani Waingereza walizaliwa hivi. Mpaka 1967 hapa mwanamume alifungwa kwa jambo hilo hilo, na hata ilipobadilishwa, ilibadilishwa Uingereza na Wales tu. Scotland ilingoja mpaka 1980, Ireland ya Kaskazini 1982. Alan Turing, aliyesaidia kuvunja siri za Wajerumani wakati wa vita, alihukumiwa 1952 akakubali kutiwa dawa za homoni ili asifungwe. Miaka miwili baadaye alikuwa maiti. Leo sura yake iko kwenye noti ya pauni 50. Mwaka 1988 bunge hili hili lilipitisha sheria ya kuzizuia halmashauri zisionekane kuunga mkono mapenzi ya jinsia moja, na Uingereza haikuifuta mpaka 2003.

Ila walibishana. Chris Smith alisimama mbele ya watu mjini Rugby mwaka 1984, akiwa mbunge, akajitaja mwenyewe kuwa anapenda wanaume. Uchaguzi uliofuata wakamrudisha, na 1997 akawa waziri. Februari 2013 muswada wa ndoa za jinsia moja ulipopigiwa kura, 400 walikubali na 175 wakakataa, na katika wabunge wa chama cha Waziri Mkuu Cameron mwenyewe waliokataa walikuwa wengi kuliko waliokubali. Wakatoa hoja zao, wakashindwa, wakaendelea kukaa bungeni na kuheshimiwa. Hilo ndilo ninalolionea wivu.

Lakini na hawa wananichosha. Kazini mmoja aliniambia kwa sauti ya huruma, "Kwenu si mnawafunga?" Damu ilinichemka. Kifungu kile, na maneno yake ya "kinyume cha maumbile", kililetwa na serikali ya kikoloni! Hata Waziri Mkuu wao Theresa May alikiri London, Aprili 2018, mbele ya viongozi wa Jumuiya ya Madola, kwamba sheria zile zilikuwa kosa tangu zilipowekwa. Na sasa hivi wanasiasa wao wamewashika watu waliobadili jinsia, hasa tangu hukumu ya Mahakama ya Juu yao ya Aprili 2025 kuhusu nani ni mwanamke kisheria, kila siku ni wao kwenye televisheni huku foleni za hospitali hazisemwi. Harufu ile naijua, nimekua nayo.

Mtaniambia tena: si utamaduni wetu. Haya. Nilipoolewa Mombasa, aliyenipamba alikuwa mwanamume ambaye kila mama wa mtaa alijua yeye ni nani. Alinifungia kikuba cha asumini na mkadi, pini zimejaa mdomoni, akinikemea nisicheke, hina haijakauka. Amepamba nusu ya maharusi wa mtaa ule. Bibi yangu alikuwa akimwekea sahani yake ya pilau pembeni, na nyama nono. Baada ya kelele za 2023, vijana aliowashonea kanzu za Idi waliitupa cherehani yake barabarani, na mwenye nyumba akampa siku tatu ahame.

Juzi nilimsimulia kaka yangu kwa simu habari ya mgombea. Akasema, "Dada, hayo yabaki huko huko." Nikamuuliza ni nani aliyempamba mkewe siku ya harusi. Akanyamaza, nikawa nasikia tu pikipiki zikipita kwake. Kisha akaniuliza kama nimeshatuma pesa za dawa za mama.